Jiliwa, Uzi na Shingo ya Jogoo

Flai ya tisa ilinasa kwenye tawi ng'ambo ya mto Kimakia, juu ya Gatura, mwendo wa saa nne asubuhi. Niliivuta taratibu, nikaivuta kwa nguvu, mshipi ukakatika, flai ikabaki pale ikining'inia juu ya maji. Shemeji yangu, aliyekuwa amesimama chini kidogo ya mto, alifungua kopo lake akanipa tatu zake bila kusema neno. Tulikuwa tumetoka Nairobi saa kumi na moja alfajiri na kupanda kupitia Thika, na kabla jua halijakolea nilikuwa nimepoteza mali ya shilingi 1,350, maana kila flai niliinunua kwa 150. Njiani tukirudi nikakata shauri kwamba nitazifunga mwenyewe, nyumbani, mtaa wa Umoja.

Kwa asiyezijua, flai ni chambo bandia. Ni ndoano ndogo iliyofungwa manyoya, sufu na uzi mpaka ikafanana na mdudu, angalau machoni pa samaki. Sisi tunaovua trauti kwenye mito ya Aberdare na Mlima Kenya tunatumia hiyo tu. Trauti mwenyewe si mwenyeji. Wa kwanza aliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905, mlowezi Mwingereza Ewart Grogan akamtia kwenye mto Gura, na maji baridi ya milimani yakamkubali. Hula wadudu wanaoishi chini ya mawe na wale wanaoelea juu ya maji, na hapo ndipo manyoya ya kuku yanapopata kazi.

Nataka kuzungumzia vifaa, kwa sababu kwenye vifaa ndipo nilipoumia. Kila anayeniona nikifunga huniuliza swali lile lile nililoanza nalo mimi: "Ninunue seti gani?"

Mimi niliagiza seti kamili mtandaoni, kutoka ng'ambo. Ilikuwa na vitu zaidi ya thelathini ndani ya kasha la mbao lenye kufuli ya shaba. Nililipia seti, nikalipia kusafirisha, nikalipia ushuru, na nilipoifungua mezani jioni ile mke wangu alisogea kutazama, kwa kuwa kwa kweli ilipendeza. Manyoya ya rangi ya waridi, ya kijani, ya manjano. Vikoleo vitatu. Mkasi mdogo wenye vishikio vya dhahabu. Jiliwa la kubana ndoano, ambalo mafundi wetu wengi huliita vaisi. Nyuzi sita. Nilijiona nimemaliza kazi kabla ya kuianza.

Wiki mbili baadaye nilikuwa na flai saba, na hakuna hata moja ambayo ningethubutu kumwonyesha mtu. Nilidhani shida ni vidole vyangu. Nilikuwa nikibana ndoano, nikizungusha uzi mara kumi, halafu ndoano inapinda kuelekea chini. Naibana tena, inapinda tena. Nikikaza uzi zaidi, unakatika. Nikapunguza mkono, manyoya yakawa yanazunguka kwenye ndoano kama gurudumu lililolegea. Nililala nikiamini kazi hii ina watu wake na mimi simo.

Sasa, mimi nina shangazi, dada mdogo wa baba, anayeishi Dandora. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akifunga flai kwenye karakana moja hapa hapa Nairobi. Huenda msomaji hajui kwamba Kenya imekuwa ikifunga flai za kuuza nje kwa miongo mingi, na kwamba wanaozifunga kwa wingi ni kina mama wa mitaa yetu. Wanakaa kwenye benchi kwa safu, kila mmoja na jiliwa lake, wanalipwa kwa dazeni, na flai zao zinatupwa kwenye mito ya Uingereza na Marekani na watu wasiojua ni nani aliyezifunga. Shangazi alifunga flai ambazo hesabu yake yeye mwenyewe hawezi kuitaja, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kumwona trauti akivuliwa. Nilijua alikuwa akifanya kazi "ya manyoya", kama tulivyokuwa tukisema nyumbani tukiwa watoto. Haikunijia akilini kumuuliza hata siku moja mpaka mama aliponiambia kwa simu, "Si umwite shangazi yako?"

Akaja Jumamosi, akanywa chai, akavaa miwani. Nikamwekea lile kasha mbele yake. Akalifungua, akatoa kitu kimoja kimoja, akakipanga mezani pembeni, bila haraka. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, hivi vyote umenunua vya kazi gani?"

Nikamwambia ni seti kamili, Shangazi.

Akachukua jiliwa. Akabana ndoano namba 12, akakaza, halafu akaikwaruza kwa ukucha wa kidole gumba kwenye shina, karibu na tundu, na kuiachia ghafla. Ndoano ikalala. Akaikaza zaidi, akaikwaruza tena, ikalala tena. Akanionyesha ndani ya taya za jiliwa kwenye mwanga wa dirisha: chuma kilikuwa tayari kimeingia kovu jembamba pale ndoano ilipokuwa imekaa. "Chuma hiki ni laini kuliko ndoano," akasema. "Ndoano inajichimbia shimo. Leo imechimba hapa, kesho itachimba pale. Hili halitashika kitu."

Nililipa lile jambo uzito wote. Wiki mbili nilizojilaumu, kosa halikuwa la vidole.

Jiliwa likishika sawasawa, ndoano ukiikwaruza kwa ukucha inalia kama uzi wa gitaa na kurudi mahali pake. Inapinda, maana ni chuma chenye mnyumbuko, lakini hapo ilipobanwa haisogei hata unywele. Huo mlio ndio ninaoutafuta sasa kabla ya kutoa pesa. Nabeba ndoano tatu mfukoni, namba 8, namba 12 na namba 16, na kwa asiyejua, kwenye ndoano namba ikipanda ndoano inapungua. Jiliwa linaloshika 8 na kuiangusha 16 halinifai, kwa kuwa wadudu wengi wa mito yetu ni wadogo.

Nilijaribu kuliokoa lile la kwanza, na hilo nalo niliseme. Nililipeleka Kariobangi Light Industries, kwa fundi wa mashine ya kukereza, nikamwomba azifanye taya ziwe ngumu. Akazichoma hadi zikawa nyekundu, akazichovya kwenye mafuta machafu ya injini, moshi ukapanda, akanirudishia zikiwa nyeusi na ngumu kweli kweli. Jioni nilipokaza ndoano, taya moja ilikatika kwa mlio na kipande kikaruka kikagonga kioo cha kabati. Baadaye nilimuuliza fundi mwingine, mzee wa makamo anayetengeneza patasi, akanieleza kilichotokea. Chuma kikishachovywa kikiwa chekundu kinakuwa kigumu lakini kinavunjika kama kigae, kwa hiyo lazima kirudishwe motoni, moto wa kiasi, mpaka kibadilike rangi iwe kama majani makavu, ndipo kiwe kigumu na bado kistahimili. Yule wa kwanza aliruka hatua hiyo. Tangu siku ile nikifunga navaa miwani, hata kama ndoano zenyewe hazina hatari kubwa.

Jiliwa nilionalo leo nililipata mitumba, kutoka kwa mvuvi aliyekuwa akihama nchi na kuuza vitu vyake. Lina mguu wa chuma kizito wa kusimama mezani, halina pambo lolote, na taya zake hubanwa kwa wenzo unaoshushwa mara moja tu. Alitaka 9,000, tukakubaliana 7,000. Halizunguki. Yapo yanayozunguka, na wauzaji huyasifu sana, ila shangazi alifunga miaka kumi na tisa kwenye jiliwa lisilozunguka. Uamuzi kati ya mguu na kishikizo cha kubana ukingo wa meza ulikuwa rahisi kwangu: meza yangu ni ile ya kulia chakula, ukingo wake ni mnene, kishikizo hakiingii.

Nirudi kwa Shangazi, maana Jumamosi ile hakuishia kwenye jiliwa. Akachukua bobini.

Bobini ni kile kijiti cha chuma chenye mrija mbele na miguu miwili inayoshika kidonge cha uzi. Uzi unapita ndani ya mrija na kutokea mdomoni, na uzito wa bobini yenyewe ndio unaoweka uzi umekazika ukiiachia mkono. Yangu ilikuwa ikikata uzi. Nilikuwa nimeshanunua uzi mwingine mara mbili nikiamini uzi ni mbovu. Shangazi akamwomba mke wangu soksi ya nailoni iliyochakaa, akaipitisha kwenye mdomo wa mrija, na soksi ikanasa. Akaizungusha, ikanasa mahali pale pale. "Kuna jino hapa," akasema, "hulioni kwa macho." Akachukua uzi wa pamba, akaupaka dawa ya meno, akaupitisha ndani ya mrija na kuuvuta huku na huku kama mtu anayesugua filimbi. Alifanya hivyo kwa muda uliotosha chai kupoa. Akajaribu soksi tena, ikateleza. Bobini ile bado ninayo na sijawahi kukatiwa uzi nayo tena. Kwa mtu anayeanza ningesema anunue yenye mdomo wa kauri akiweza, kwa kuwa kauri haina jino, lakini ya chuma iliyosuguliwa inafaa.

Uzi sasa. Hapa nilikuwa na wazo langu la kuokoa pesa, kwamba uzi wa cherehani wa River Road utafanya kazi, na rangi zote zipo. Shangazi hakunikataza. Alinifungia flai mbili, moja kwa uzi wa cherehani na nyingine kwa uzi mwembamba wa flai, mizunguko ile ile, manyoya yale yale, kisha akaziweka kwenye karatasi nyeupe kando kwa kando. Ya cherehani ilikuwa na kichwa kikubwa kama punje ya uwele. Ya pili kichwa chake kilikuwa ncha tu, na tundu la ndoano lilibaki wazi. Kwenye kazi yao kichwa kikubwa kilikuwa kinarudishwa. Tena hakilipwi. Na si suala la urembo: kichwa kikijaa kinaziba tundu, ukiwa mtoni vidole vimeganda kwa baridi huwezi kupitisha mshipi.

Nyuzi za flai huandikwa 6/0, 8/0 na kuendelea, namba ikipanda uzi unapungua unene, ila kila kiwanda kina vipimo vyake, kwa hiyo mimi hutazama zaidi denia, yaani uzito kwa gramu wa mita 9,000 za uzi huo. Denia 70 inanitosha kwa ndoano 12 hadi 16. Nilinunua rangi mbili, nyeusi na kahawia. Zile sita zilizokuja na seti zimekaa.

Kisha akanipa zoezi ambalo nililichukulia la kitoto. Nibane ndoano tupu, nizungushe uzi mara kumi, halafu nivute mpaka ukatike. Nianze tena. Mara ishirini. Jioni ile yote sikufunga unyoya hata mmoja, nilikata uzi tu. Lakini mkono ulijifunza mahali uzi unapokatika, na tangu hapo navuta nikisimama kidogo kabla ya pale. Manyoya yaliyokuwa yakizunguka yalikoma kuzunguka.

Mkasi sitauzungumzia sana. Iwe miwili: mmoja wenye ncha nyembamba wa manyoya peke yake, na mwingine wowote wa nyaya na vitu vigumu. Ule wa vishikio vya dhahabu haukukata uzi hata ulowe. Nilinunua wa wapambaji nyusi, na kwenye nyumba yetu anayeugusa kukatia karatasi ya maziwa anajua atasikia sauti yangu.

Kwenye manyoya ndipo Nairobi ilinifungulia mlango. Yale ya waridi na manjano ya kwenye seti Shangazi aliyashika, akayapeperusha, akayarudisha ndani bila kusema. Asubuhi ya Jumatatu akanichukua hadi soko la Burma, karibu na barabara ya Jogoo, kunakouzwa nyama na kuku. Alikwenda moja kwa moja kwa mama mmoja anayechinja kuku wa kienyeji, wakasalimiana kama watu waliojuana zamani, akaomba shingo. Si nyama ya shingo, ni ngozi ya shingo na manyoya yake, kuanzia nyuma ya kichwa hadi mabegani, ambayo kwa mchinjaji ni takataka. Tulipata shingo nne za jogoo: mbili nyekundu-kahawia, moja nyeusi, moja ya madoadoa. Tulimwachia shilingi 200 na akatushukuru sana.

Pale pale, tumesimama kati ya matenga, alinifundisha kuchagua. Ukipinda unyoya wa shingo uwe upinde, nyuzi zake ndogo husimama wima kutoka kwenye uti. Pima urefu wake na uwazi wa ndoano, yaani nafasi kati ya ncha na shina. Zikizidi mara mbili ya uwazi, ndoano itaonekana kama mdudu aliyevaa koti la mtu mzima. Halafu zibonyeze kwa midomo. Zikichoma, zinafaa flai inayoelea, kwa sababu zinasimama juu ya maji. Zikilainika, ni za flai inayozama, maana mkondo huzichezesha na samaki huziona kama miguu inayotembea. Jogoo wetu wa kienyeji wana manyoya mengi ya hiyo aina ya pili. Basi nikaacha kuota flai za kuelea, nikaanza na zinazozama, na kwa mito yenye kasi kama ile ya Aberdare hizo ndizo zinazonipa samaki.

Nyumbani nikafanya kosa. Nilizikausha shingo juani siku mbili, nikazitia ndani ya lile kasha zuri la mbao, nikalifunga, nikaliweka kabatini juu ya masweta. Sikuziosha. Baada ya wiki kama sita nilifungua nikakuta unga chini ya kasha, uti wa manyoya umebaki mtupu kama miba ya samaki, na viwavi vyeupe vidogo vinatembea. Walikuwa nondo wa nguo. Walikuwa wameshashuka kwenye masweta, na sweta moja lilikuwa ni la marehemu baba. Lilikuwa na matundu mgongoni. Nilikaa kitandani nalo mkononi muda mrefu. Mke wangu alilishona, matundu yanaonekana, nalivaa hivyo hivyo nikienda mtoni.

Kwa hiyo sasa shingo ikifika nyumbani haivuki mlango wa jikoni kabla haijaoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, ikasuuzwa, ikakaushwa kabisa, ikapakwa chumvi upande wa ngozi, ikafungwa kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na kukaa kwenye friza. Baada ya wiki naitoa ipate joto siku mbili, kisha inarudi friza wiki nyingine, kwa sababu mayai yaliyosalimika mara ya kwanza huwa yameamka. Ndipo inapoingia kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kukaza. Kasha la mbao niliwapa watoto wakaweke kalamu.

Vifaa vingine vyote vilitoka mjini, na ningependa anayeanza aupige mji mguu kabla ya kulipia usafirishaji. Waya mwembamba wa shaba wa kuzungushia tumbo la flai niliupata Luthuli Avenue, kwa fundi wa redio aliyenifungulia transfoma iliyoungua. Ule mmoja utanitosha maisha. Sufu ya kufumia, nyeusi na ya kahawia, naichambua kwa vidole na kuipindia kwenye uzi uliopakwa nta, na nta yenyewe niliinunua kwa muuza asali. Manyoya ya sungura nayapata kwa jirani anayefuga. Kichwa nakipaka rangi ya kucha isiyo na rangi. Kijana mmoja aliniletea manyoya mazuri sana ya ndege wa porini, ya samawati, nikamrudishia. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haichezi na viungo vya wanyama wa porini visivyo na kibali, na hata isingekuwepo, sitaki mtoto ajifunze kwamba kuna mtu Umoja ananunua ndege.

Ndoano sikuweza kuzitafutia njia ya mkato. Nilijaribu zile za mia moja kwa bei ya mkate. Zilinyooka nikizikaza kwenye jiliwa, na nyingine zilikuwa hazina ncha. Sasa nanunua za kampuni ya Mustad, pakiti ndogo, namba 10, 12 na 14 tu, na kijino chake nakibonyeza kwa koleo kiwe bapa kabla ya kufunga, ili trauti mdogo nimwachilie bila kumchana. Shangazi alinifundisha pia kutozitupa ndoano za flai zilizoharibika. Unapitisha wembe mgongoni mwa flai, juu ya shina, kila kitu kinafunguka kama ganda la kunde, na ndoano inabaki mpya. Flai zangu saba za mwanzo zilikwenda hivyo.

Na sumaku. Mtoto wangu wa pili alikanyaga ndoano kwenye zulia asubuhi ya shule, ikaingia kisigino, tukaishia zahanati. Sasa kila nikimaliza napitisha sakafuni sumaku ya spika mbovu iliyofungwa kwenye kijiti, kabla sijazima taa. Taa yenyewe ni ya kuchaji, stima zikipotea naendelea.

Nikihesabu leo, vitu ninavyovigusa kila ninapofunga ni jiliwa, bobini, mikasi miwili, koleo dogo la kubana ncha ya unyoya na sindano ya kufungulia tundu likiingia rangi. Sita. Fundo la kumalizia nalifunga kwa vidole kama Shangazi, ingawa kuna kifaa chake, na kilikuwemo kwenye seti. Mpwa wangu anayetaka kuanza nimemwambia pesa yake yote ya mwanzo iende kwenye jiliwa, ndoano na uzi, asubiri kwingine. Alitaka kuniletea picha ya kasha la mbao.

Mwezi wa nane tulimpeleka Shangazi Kimakia. Alivaa koti mbili na kujifunga leso kichwani, akakaa juu ya jiwe kubwa pembeni ya maji, akashika chupa ya chai kwa mikono yote miwili. Nilikuwa nimefunga kopo zima la flai nyeusi, tumbo la sufu, waya wa shaba, manyoya ya ile shingo nyeusi ya Burma. Nilitupa mshipi kuelekea juu ya mkondo, flai ikazama, ikashuka na maji kupita jiwe jeusi. Mara ya tatu au ya nne mshipi ulisimama. Nikanyanyua, ukaanza kukimbia.

Hakuwa samaki mkubwa, urefu wa kiganja changu na vidole kidogo. Nilimleta hadi kando ya jiwe nikiwa nimemshika ndani ya maji ili Shangazi amwone: mgongo wenye madoa, ule mstari wa waridi ubavuni, mdomo unaofunguka na kufunga. Aliinama akamtazama bila kusema kitu. Akaweka chupa ya chai chini, akashusha mkono ndani ya maji yale ya baridi na kumgusa kwa kidole kimoja. Nikaichomoa ndoano, samaki akapiga mkia akaondoka.

"Ndiye huyu," akasema Shangazi.

Kisha akanyoosha mkono nimpe flai. Akavaa miwani, akaigeuza kwenye mwanga. Manyoya yalikuwa yametafunwa upande mmoja, waya umelegea kidogo, lakini uzi ulikuwa umeshika. Akaikagua kwa muda, akanirudishia.

"Kichwa bado kikubwa," akaniambia. "Punguza mizunguko miwili."